Ismat Chughtai alikuwa nani hasa? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimeona vidio inasema Ismat Chughtai ndo mwandishi wa matusi wa Kiurdu, alipelekwa mahakamani kwa hadithi chafu, na alipokufa akachomwa moto kama Wahindu wakati yeye ni Muislamu. Mimi naandika vihadithi vyangu kwenye simu, kaka yangu kavisoma kanambia mwanamke wa heshima haandiki mambo ya ndani ya nyumba, akanitolea mfano huyo huyo Ismat. Naomba nijue alikuwa nani hasa, na kama anasomeka nianze na kipi, Kiurdu sijui ila Kiingereza nasoma."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha na hiyo vidio imeniudhi, manake huyu mama kaandika kwa zaidi ya miaka arobaini, riwaya, hadithi fupi, tamthilia, stori za filamu, tawasifu, halafu mtu anakuja kumtaja anaanza na hadithi moja ya kurasa chache na anaishia hapo hapo. Mwenyewe hilo liliiumiza sana roho yake. Alisema ile hadithi imekuwa fimbo ya kumchapia na kila alichoandika baadae kilikandamizwa chini yake. Kwahiyo tuanze na hiyo hiyo kesi tuimalize, halafu nikwambie ninachotaka hasa kukwambia.

Hadithi inaitwa "Lihaaf". Lihaaf ni lile blanketi zito la kushindilia pamba ambalo watu wa India ya kaskazini hujifunika wakati wa baridi. Ilitoka mwaka 1942 kwenye jarida la Adab-e-Latif la Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, na Ismat aliiandika kama miezi miwili tu kabla ya kuolewa. Anayesimulia ni mtoto wa kike, mtundu, anagombana kutwa na kaka zake, mama yake anasafiri kwenda Agra anaona huyu nimuache kwa Begum Jan, mama wa kitajiri ambaye wamefanyana ndugu. Begum Jan kaolewa na Nawab, yaani bwana mkubwa wa kimwinyi, mtu mzima, keshahiji, mji mzima unamsifu kwa uadilifu wake, mwanamke wa nje hajawahi kuonekana mlangoni kwake, ila nyumba yake imejaa vijana wa kiume wembamba wembamba anaowasomesha na kuwalisha kwa gharama zake, na mke wake hamtazami hata kwa jicho moja. Mke kawekwa ndani pamoja na makabati na makochi. Anakonda, analia, anafanya dua na visomo, hakuna. Anayemuokoa ni mtumishi wake Rabbu, kazi yake kumkanda mwili. Usiku yule mtoto analala chumba hicho hicho, anaona kivuli cha blanketi ukutani kinayumba kama tembo, anaogopa, anaita, anaambiwa lala mwanangu hakuna kitu.

Ndo hivyo tu. Hakuna tendo lililoelezwa, mtoto haelewi anachokiona na mwandishi hamsaidii kuelewa, kila kitu anakijaza msomaji mwenyewe kwa akili yake ya kiutu uzima. Na kwa maoni yangu anayetia uchungu zaidi mle ndani ni mtoto mwenyewe, manake Rabbu anapoondoka siku kadhaa yule begum anamgeuzia mtoto, na mtoto anatamani mama yake arudi hata leo usiku na hana wa kumwambia. Watu wameongea miaka themanini kuhusu blanketi, huyo mtoto wanampita.

Samansi ilifika Desemba 1944, wakati huo yuko Bombay, kaolewa na Shahid Latif mtu wa filamu, binti yao Seema ana miezi miwili na chupa yake ya maziwa iko jikoni inapashwa moto. Polisi yuko mlangoni na karatasi inayosema Mfalme wa Uingereza anamshtaki Ismat Chughtai. Akacheka. Mfalme ananidai nini mimi? Kesi ilikuwa Lahore kwa sababu jarida lilikuwa la Lahore, na safari alifuatana na Saadat Hasan Manto, mwandishi mwingine mkubwa wa Kiurdu na rafiki yake wa kugombana kila siku, manake na yeye alishtakiwa kwa hadithi yake "Bu" mahakama hiyo hiyo. Kwenye tawasifu yake anasimulia hii safari kwa furaha kabisa, walizunguka madukani Lahore wakanunua shali na viatu, akaupenda ule mji hata akamshukuru mfalme kwa kumshtaki.

Nyumbani lakini haikuwa mchezo, nisikudanganye. Mumewe alichukia, waligombana vibaya. Baba mkwe akaandika barua akimwomba mwanawe azungumze na bibi harusi, amwambie amtaje Allah na Mtume, kesi peke yake balaa sembuse kesi ya uchafu, na sisi huku tunawaombea. Mi hiyo barua inanigusa kila nikiisoma, mzee wa watu ana hofu lakini hamtukani mkaza mwanawe hata neno moja. Barua za watu wengine wasiomjua zilikuja za matusi hasa, matusi ambayo hayamo kwenye hadithi.

Mahakamani upande wa mashtaka ulitakiwa kuonyesha uchafu uko sentensi ipi. Wakahangaika. Shahidi mmoja akasimama akasema hapa, hapa panaposema wasichana wa rika lake walikuwa wanakusanya wapenzi, hilo ni chafu. Wakili wa utetezi akamuuliza neno gani haswa hapo, kukusanya au wapenzi? Akasema wapenzi. Wakili akamwambia hilo neno washairi wakubwa wamelitumia miaka nenda rudi, mpaka kwenye mashairi ya kumsifu Mtume limo. Yule akajibu ndiyo, lakini haipendezi kwa wasichana wa familia nzuri. Haya, na kwa wasichana wasio wa familia nzuri? Hapo mambo yakaanza kumchanganya na watu kucheka. Kuna waliomfuata Ismat na Manto pembeni kuwabembeleza waombe radhi tu, faini watalipiwa, wakakataa. Kesi ikaenda ikaisha bila wao kutiwa hatiani.

Halafu kuna kipande cha jaji ambacho nataka ukishike vizuri. Anasimulia Ismat kwamba jaji alimwita pembeni akamwambia nimesoma hadithi zako nyingi, si chafu, na hata "Lihaaf" si chafu, ila maandishi ya Manto yana takataka nyingi. Akamjibu dunia nayo imejaa takataka. Jaji akauliza kwani lazima kuzichokoa? Akamwambia zikichokolewa zinaonekana, na zikionekana watu wanaona haja ya kufagia.

Sasa basi, alikuwa nani. Amezaliwa 21 Agosti 1915 mji wa Badaun, kaskazini mwa India, mtoto wa tisa katika kumi, wavulana sita wasichana wanne. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali, anahamishwa hamishwa, kwahiyo utoto umepita Agra, Aligarh, Jodhpur huko Rajasthan. Dada zake walikuwa wakubwa, wameolewa mapema wameondoka, akabaki yeye katikati ya kundi la kaka, anapanda miti, anapanda farasi, anacheza mpira. Jikoni akiitwa hataki. Alisema mwenyewe kwamba kukua na kaka ndo kulimfanya asijue kuona haya pale wanawake walipotakiwa kuona haya.

Na hapa ndo nakuja kwa kaka yako. Ismat aliyemfundisha ni kaka yake! Azim Beg Chughtai, mwandishi wa vichekesho aliyejulikana sana, mgonjwa tangu utotoni, kifua kibovu, mtu wa kulala kitandani muda mwingi, lakini ulimi na kalamu havilali. Ndo aliyemsomesha Kiingereza na historia, akampa na tafsiri ya Kurani aisome kwa kuelewa, huyo huyo aliyekuwa akiandika kwamba kuwafungia wanawake kama wanavyofungiwa si amri ya dini. Mwaka 1939 tamthilia ya kwanza ya Ismat, "Fasadi", ilipotoka kwenye jarida la Saqi la Delhi wasomaji wakadhani ni Azim kajificha nyuma ya jina la mwanamke.

Azim alipofariki, dada mtu akaandika makala akaiita "Dozakhi", yaani wa motoni. Fikiria mdogo wangu, unamwandikia kaka yako marehemu makala ya jina hilo. Watu walitetemeka. Lakini ukiisoma ni mapenzi matupu, tena mapenzi ya mtu anayekataa kumgeuza marehemu kuwa malaika, anamweleza mkorofi kama alivyokuwa, anawachokoza watu, anawagombanisha, anacheka huku anakohoa, na unafika mwisho unamlilia mtu hujamjua. Manto aliandika kwamba dada yake mwenyewe aliisoma akasema huyu Ismat ni mtu gani, kaka yake kafa anamwandika hivi? Manto akamjibu, wewe ukiniahidi utaniandikia mimi makala kama hii niko tayari nife leo.

Kusoma kwenyewe alikupigania. Nyumbani walitaka ajifunze kupika na kushona aolewe kama dada zake, na ilipofika posa kaja na ujanja, akamwandikia binamu yake amwambie baba kwamba yeye ndo anataka kumuoa, ili tu posa ya mwingine ife, na akamuahidi binamu kwamba hatamng'ang'ania. Kwa baba yake alitishia kwamba asipopelekwa skuli atatoroka apande treni aende kwa wamishenari awe Mkristo wamsomeshe wao. Mzee akasalimu amri. Akaenda Aligarh, kwenye skuli ya wasichana aliyoianzisha Sheikh Abdullah na mkewe, ambayo nayo ilipigwa vita, maulana mmoja aliandika gazetini kuiita danguro, na msichana Ismat akamjibu kwa maandishi. Binti wa huyo Sheikh Abdullah, Rashid Jahan, alikuwa daktari na mwandishi, mmoja wa wanne waliotoa kitabu cha hadithi "Angarey" mwaka 1932 ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka uliofuata. Huyo ndo Ismat alitaka awe kama yeye. Daktari, anaongea bila kuogopa, anavaa sari rahisi, anaandika maumivu ya wanawake kwa sababu anayaona hospitali kila siku. Mwaka 1936 waandishi wa aina hiyo walikusanyika Lucknow kuanzisha jumuiya ya waandishi wapenda maendeleo na Ismat alihudhuria akiwa bado mwanafunzi. Alimaliza digrii yake chuo cha Isabella Thoburn hapo Lucknow, akaongeza ya ualimu Aligarh, akawa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, baadae mkaguzi wa skuli Bombay. Ile vidio uliyoiona sidhani kama imesema kwamba "mwandishi wa matusi" alikuwa mwalimu wa watoto wa kike.

Haya, sasa niseme lile langu. Ukuu wa Ismat uko masikioni mwake. Hao wenzake wa ile jumuiya waliandika wakulima, viwanda, njaa, mapinduzi, mambo makubwa na ya haki kabisa. Yeye akabaki uani. Akaandika wanayozungumza wanawake wakiwa peke yao, kwenye kumenya viazi, kushona, kulisha watoto, kusengenya, kutafutiana wachumba, kulaani mawifi, na akaandika kwa Kiurdu kile kile wanachokitumia wao, chenye mafumbo na matusi yake na miko yake, Kiurdu ambacho wanaume waliokisomea Kiajemi hawakukihesabu kama lugha ya kuandikia. Anaandika kwa kasi kama mtu anakusimulia huku anafanya kazi nyingine. Manto anasema alikuwa anaandika amelala kitandani huku anatafuna barafu! Na yale ya uani kumbe ndo siasa yenyewe, ndo uchumi wenyewe, nani anakula kwanza, nani anauza bangili zake, mwili wa nani unatumika kumlipia nani. Kaka yako anaposema mwanamke asiandike mambo ya ndani ya nyumba, sijui anadhani mambo ya nje yanatengenezwa wapi.

Mfano wake ni "Chauthi ka Jora" na hapa niache nikae kidogo, ndo hadithi yake ninayoipenda kuliko zote. Kichwa chake ni ile nguo bibi harusi anayovaa siku ya nne. Mama mjane, masikini, fundi wa kukata nguo kuliko wote mtaani, kitambaa kikipungua wanawake wanamletea yeye, anapima, anakunja, anageuza, kinatosha. Yeye ndo anayekata sanda za marehemu na nguo za watoto wachanga pia. Ana mabinti wawili. Mkubwa, Kubra, umri unakwenda na posa haiji, na mama kila mwaka anamshonea ile nguo ya harusi, anaifungia sandukuni, inapitwa na wakati, anaanza nyingine. Basi anakuja mpwa wa mama, Rahat, kaja mjini kwa mafunzo ya polisi, atafikia kwao. Nyumba nzima inasimama. Mungu kaleta mwenyewe! Herini zinauzwa, vikuku vinauzwa, anapikiwa chapati za samli na nyama, Kubra anaamka alfajiri kumkaangia, yeye na mdogo wake wanameza mikate mikavu kwa maji. Kubra haruhusiwi kuonekana mbele yake, kwahiyo mapenzi yake yote yanapitia kwenye chakula na kwenye sweta anayomfumia. Mdogo, Hamida, ndo anatumwa kupeleka sahani na kutaniana naye kama shemeji ili mambo yachangamke.

Rahat anakula. Hiyo ndo kazi yake mle ndani ya hadithi, anakula, analala, anapiga miayo. Halafu anamgeukia Hamida, na siku anayotumwa kwake chumbani na sahani ya kitu kitamu kilichosomewa dua ili Rahat aridhie posa, anamvuta kwa nguvu, na yeye anarudi hasemi kitu, amwambie nani, na ghee yote ya nyumba imeshaliwa. Kesho yake Rahat anaaga anashukuru kwa ukarimu, harusi yake ilishapangwa kwao. Kubra keshashika kifua kikuu kitambo, anakufa. Mama anakaa pale pale uani, anatandika kitambaa cheupe, anakata kwa mkono ule ule usiokosea, na wanawake wa mtaa wamemzunguka kama siku zote za mishono.

Hakuna hotuba hata moja ndani yake kuhusu haki za wanawake. Hakuna mtu anaitwa mbaya. Unajua bei ya kila kipuli kilichouzwa na inatosha. Nimewasomesha wanafunzi hadithi hii mara nyingi na wasichana wa pwani wanaielewa kabla hawajafika nusu, hawana haja niwaeleze kwa nini Kubra hatoki chumbani.

Ya pili nikutajie ni "Jarein", mizizi. Mwaka 1947 India imegawanywa, damu inamwagika, familia ya Kiislamu huko Marwar inaamua kuhamia Pakistan. Jirani yao ni daktari wa Kihindu, Rup Chand, familia hizi mbili zimezaliana na kuzikana pamoja. Watoto wanafunga mizigo, mama mzee anakataa. Hatoi sababu za kisiasa, hajui hiyo nchi mpya iko wapi, anajua tu chumba alichozalia watoto kumi na kitanda alichofia mumewe. Wanamuacha. Usiku ule anatembea peke yake chumba hadi chumba, na zile kurasa ndo bora alizowahi kuandika huyu mama kwa hisia zangu. Mwishowe Rup Chand anafuata treni anawarudisha watoto wote, anaingia nao ndani. Kuna wahakiki wanasema mwisho huo ni mtamu kupita kiasi. Mimi siwafuati, manake Ismat aliandika hayo akiwa kabaki Bombay wakati waandishi wenzake wengi wanaondoka. Manto mwenyewe aliondoka Januari 1948, akamwandikia kutoka Lahore aje na wao watapata nyumba, na Ismat alikasirika miaka, aliona kama rafiki kamuacha mpiganaji mwenzake uwanjani. Manto akafa 1955 na ulevi umemmaliza, na makala Ismat aliyomwandikia ina kichwa kinachosema rafiki yangu, adui yangu.

Filamu nazipitia haraka. Mumewe Shahid Latif alikuwa dairekta, wakafanya pamoja "Ziddi" ya 1948 iliyomuinua Dev Anand, "Arzoo" ya 1950 na Dilip Kumar, "Sone Ki Chidiya" ya 1958 na Nutan. Waulize wazee wenu waliokuwa wanaingia sinema za Kihindi miaka ile, Dilip Kumar hawajamsahau. Kubwa kuliko zote ni "Garm Hava" ya M. S. Sathyu, imetokana na hadithi ya Ismat ambayo hakuwa ameichapisha, Kaifi Azmi na Shama Zaidi wakaandika skripti. Salim Mirza mfanyabiashara wa viatu Agra baada ya mgawanyiko, ndugu mmoja mmoja anaondoka kwenda Pakistan, benki hazimkopeshi tena, nyumba ya ukoo inachukuliwa, na mama yake kikongwe anajificha ili asitolewe ndani. Balraj Sahni aliyecheza Mirza alifariki 1973 kabla filamu haijaonyeshwa. Na Ismat mwenyewe, bibi wa miaka sitini na ushee, kaigiza kwenye "Junoon" ya Shyam Benegal mwaka 1978.

Umeuliza la kuchomwa. Ni kweli. Alifariki Bombay 24 Oktoba 1991 na alichomwa, kwa wasia wake mwenyewe. Waislamu wengi waliumia, na ndani ya waandishi wenzake wapo waliosema na wapo waliosusa. Mimi ni Muislamu na siwezi kukwambia jambo hilo halinigusi, linanigusa, na nimemuombea. Lakini hiyo vidio inakupa siku yake ya mwisho kama vile ndo maisha yake yote. Kwenye miaka ya 1970 huyu huyu aliandika riwaya nzima ya Karbala, "Ek Qatra-e-Khoon", kisa cha Imam Hussein, akifuata marsiya, yaani mashairi ya maombolezo, za mshairi Mir Anis ambazo alizisikia tangu mdogo. Utotoni Agra alimpenda sana rafiki yake wa Kihindu wa nyumba ya pili, na siku ya sikukuu yao alipokumbatia kisanamu cha mungu wao mchanga kwa vile kilimpendeza kama mwanasesere, bibi wa nyumba akamnyang'anya akamtoa nje. Mtoto aliyekua katikati ya nyumba mbili hivyo aliuliza maswali maisha yake yote, kwa sauti, na majibu yake mengine mimi nayakataa. Kuyakataa hakunizuii kumsoma.

Na yule begum wa "Lihaaf" unajua aliishia wapi? Alikuwepo kweli, mwanamke ambaye Aligarh nzima ilikuwa inanong'ona habari zake. Miaka mingi baadae wakakutana karamuni, Ismat anasema miguu ilimfa ganzi, alitaka ardhi impokee. Yule mama akapita katikati ya watu akamkumbatia. Alishaachana na nawab, kaolewa tena, kapata mtoto wa kiume, akamwalika chakula akamuonyesha mwanawe. Ismat alilia. Aliona kwamba yote aliyotupiwa kwa hadithi ile yamelipwa usiku huo.

Sasa usomaji. Hadithi fupi kwa Kiingereza tafuta "Lifting the Veil", tafsiri ya M. Asaduddin, au "The Quilt and Other Stories" ya Tahira Naqvi na Syeda Hameed. Usianze na "Lihaaf", anza na hiyo ya mshono wa harusi niliyokusimulia, halafu "Jarein", halafu "Gainda" ambayo ni ya msichana mtumishi na bwana mdogo wa nyumba, fupi na itakukaa kifuani siku kadhaa. Ukishamzoea sauti yake ndo usome "Lihaaf", utaisoma kama hadithi sio kama kesi. Tawasifu yake ipo kwa jina la "A Life in Words", yale ya mahakamani na ya yule begum yamo humo kwa mdomo wake mwenyewe. Riwaya kubwa ni "Terhi Lakeer" ya miaka ya 1940, kwa Kiingereza "The Crooked Line", maisha ya Shaman tangu mtoto asiyetakiwa, mpaka bweni, mpaka ualimu, mpaka ndoa na mzungu wa Ireland, ni ndefu na katikati inalegea kidogo ila kurasa za utotoni hazina mfano, hiyo iache mwisho. "Garm Hava" ilisafishwa ikatolewa upya 2014, ukiipata yenye maandishi chini muite na kaka yako muangalie pamoja, kisha mpe "Dozakhi" aisome.

Hadithi zako nazo niletee, hizo hizo za ndani ya nyumba. Usizipunguze kitu kabla sijaziona.